Fisi Mwalimu na Mtoto wa Nyuma

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mwenye mtoto mgongoni amshushe, naye aitikie!"

"Tumemshusha!"

Hapo kale Bi Pimbi alikuwa akichezesha watoto wadogo mwambani kwake. Kila asubuhi walikuja na mama zao, na kila mama alieleza wake alivyo. "Kobe wangu msimharakishe, jamani!" "Nungunungu wangu mkumbatieni tumboni, mgongo mwachieni mwenyewe!" Basi zikawa nyimbo, zikawa vifijo, bonde zima likasikia.

Siku moja, huyo! Fisi, kachana manyoya.

"Mwalimu nimefika! Akina mama, nendeni shambani. Mtoto hafundishiki mama yake akimwangalia."

Akina mama wakarukaruka kwa furaha. Nani hajachoka? Wakaenda zao.

Fisi akawavuta mbele wanono. "Kobe, nyuma! Nungunungu, nyuma! Nyie hamfundishiki." Ute ukamdondoka, do! do! do! miguuni pa mtoto wa Bi Pimbi. Moyo ukamruka mama wa watu! Amwite nani? Yeye mwenyewe hamfiki Fisi gotini.

Bi Pimbi akacheka kwa sauti. "Karibu, mwalimu! Hapa kwetu mtoto huongoza, mwalimu hufuata. Akitaka kukumbatiwa, anakumbatiwa kwa nguvu zote. Ila habaguliwi mtu, na tunaanzia nyuma."

"Kwa nguvu zote?" Fisi akajilamba. "Haya, upesi!"

Kobe akatambaa, kwaru, kwaru. Fisi akatambaa, kwaru, kwaru. Chura mdogo akaruka topeni, chubwi! Fisi akaruka, chubwi! Watoto wakashangilia mpaka wakaanguka.

Nungunungu mdogo akanyoosha mikono. Fisi kwa pupa yake akamnyakua kwa nyuma, akambana kifuani kwa nguvu zote.

Chomo! Chomo! Chomo!

"Yalaaa! Huyu anashikwaje? Mama yake yuko wapi?"

"Si umempeleka shambani!" akajibu Bi Pimbi.

Fisi akatimka, kutu-kutu-kutu, miba tele kifuani.

Nungunungu akaangua kilio. Hakuna mgeni aliyewahi kumkumbatia kwa nguvu vile. Bi Pimbi akamgeuza taratibu, akamkumbatia tumboni.

"Tena!" akasema mtoto.

Akamkumbatia tena.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Wenye watoto, wapakateni. Na funzo ndilo hili: wazazi, kaeni mbali na masomo ya watoto wenu. Mkiwapo kila siku, akina Fisi watajifunza lini?