Kanga ya Bi Sikudhani

Ukivaa kanga ya mtu, vaa na jasho lake. Mmemsikia fundi wetu wa mavazi akimwambia mwenzenu Stumai hivyo sasa hivi, na nyote mkaangua kicheko, mkadhani mama wa watu anazungumzia habari za dobi. Loo! Maneno hayo hayakushuka na mvua. Yana mji wake na yana wenyewe, na nyinyi mnaojiita waigizaji, hamwoni haya kutoyajua? Acheni mazoezi kidogo, sogezeni mabenchi, nami niwaeleze yalikotoka.

Yalitoka Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, enzi ambazo redio ilikuwa ya mbao na mwenye nayo aliheshimiwa kama diwani. Hapo mjini aliishi binti mmoja wa Kinyamwezi, jina lake Nyamizi Mihambo. Huyo Mungu alimpa jicho. Akikuona mara moja unavyofunga mkaja kiunoni au unavyosalimia mtu usiyempenda, kesho anakutoa vilevile mbele za watu, sauti na mwendo, mpaka mama yako mzazi angesita asijue yupi ni wewe.

Kipaji hicho alikianzia msibani. Msishangae. Nyinyi wa siku hizi mnadhani utani ni kurushiana vijembe kwenye simu. Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu babu zao. Mluguru akifa, mtani wake huja, akavaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye na kugombeza watu kama yeye, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Hakuna ruhusa ya kukasirika. Ila zamu ikigeuka, Mluguru naye atamfanyia mtani wake lolote. Utani ni nipe nikupe: unayemtania yupo pale, au ndugu zake wapo, na majibu unayapata papo hapo.

Siku Nyamizi alipomtoa marehemu Mzee Mloka, aliyekuwa na desturi ya kukohoa kila akitaka kusema uongo, hata shehe aligeukia ukutani mabega yakimtikisika. Mwalimu Lukwele, aliyekuwa na kikundi cha maigizo, alikuwepo msibani. Aliyaona yote, akamfuata Nyamizi hata kabla wageni hawajatawanyika.

"Binti, mbona unawachezea wafu tu?" akamuuliza. "Njoo ukumbini uwacheze walio hai."

Basi akaenda. Akamcheza karani anayetafuta kalamu iliyo sikioni mwake, akamcheza bwana afya anayeogopa vyoo, akamcheza mwali anayelia kwa jicho moja huku la pili linahesabu zawadi. Ukumbi ukajaa. Lakini aliyempa jina hasa ni Mama Mbea.

Mama Mbea alikuwa mtu wa kweli. Alikuwa Bi Sikudhani, mjane wa Kiluguru aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwa Nyamizi, akiuza ndizi alizozibeba kichwani kutoka mlimani. Bi Sikudhani alikuwa na vituko viwili. Kila akisikia nyayo barabarani, hata awe na mikono ya unga, hutoa shingo mlangoni kama kobe na kuuliza, "Nani huyo?" Akishaona mpita njia, hurudi ndani bila neno. Na kila akipika, huandaa sahani mbili, ya pili akaifunika kwa kawa, na hali anaishi peke yake.

Nyamizi alivitazama vituko hivyo kwa lile jicho lake akahitimisha: mama huyu ni mbea, na tena ni mlafi. Hakuuliza mtu. Jukwaani akamvisha Mama Mbea kanga mpya, akamfanya atoe shingo, "Nani huyo? Nani huyo?" kisha akamrudisha ndani, akaangaza kulia na kushoto, akafunua kawa na kuisomba ile sahani ya pili kama anafukuzwa. Watu walikuwa wanalia kwa kucheka. Wengine waliondoka wamejishika mbavu, wakaja tena Jumamosi iliyofuata.

Kilichofuata mnaweza kukikisia. Watoto wa mtaa walipokuwa wakipita mlangoni kwa Bi Sikudhani, wao ndio wakawa wanaanza: "Nani huyo? Mama Mbea, nani huyo?" halafu wanatimua mbio. Mwanzoni yule mama aliwafukuza. Baadaye akawa anafunga mlango tu, na nyayo zikipita, hachungulii mtu. Majirani walimweleza Nyamizi.

"Eh, si mtani wangu?" akajibu. "Anikasirikie ili iweje?"

Ikafika Jumamosi moja alasiri. Bwana mmoja wa redio alikuwa ametoka Dar es Salaam kuja kumsikiliza. Nyamizi hakulala vizuri wiki nzima, maana kama bwana huyo angempenda, sauti yake ingesikika mpaka Kigoma, na kuigiza kungekuwa kazi yake ya maisha. Mwalimu Lukwele akamwambia, "Leo toa Mama Mbea tu. Hao wengine waache wapumzike."

Akamtoa. Ukumbi unawaka, bwana wa redio katoa leso anajifuta macho, na hapo mlango wa nyuma ukafunguliwa. Akaingia Bi Sikudhani, kikapu cha ndizi kichwani, katoka mlimani moja kwa moja, vumbi mpaka magotini. Akapita katikati ya watu, akapanda jukwaani. Watu wakazidi kucheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo.

"Hodi, mtani," akasema.

Nyamizi alishtuka, lakini ulimi wake haukuwa wa kulala. "Karibu, mtani. Leo milima imekutapika?"

"Imenitapika nije nikuone, mpagazi wangu. Umenicheza miaka, nami zamu yangu sijaipata. Au utani wa siku hizi hauna zamu?"

"Unayo, mama."

"Babu zenu kazi yao ilikuwa kubeba mizigo mpaka pwani. Haya, beba."

Akamtwika kile kikapu. Kisha akafungua kanga yake ya juu, iliyolowa jasho, akavua ile mpya begani mwa Nyamizi na kumfunga hii yake. Kwa mtani hukatai. Nyamizi akasimama pale shingo imemzama, kanga mbichi imemgandia mgongoni, na ukumbi unapiga vigelegele. Bi Sikudhani akaketi kwenye kigoda cha Mama Mbea.

"Mimi leo mtazamaji. Haya, chungulia."

"Nani huyo?" akasema Nyamizi. Sauti ilitoka ndogo, kwa uzito wa kikapu.

"Unamtafuta nani?"

"Namtafuta wa kumsengenya," akajibu, na watu wakacheka.

"Mwongo. Na ile sahani ya pili ni ya nani?"

"Si yangu mwenyewe? Nakula zote."

Bi Sikudhani akanyoosha mkono wake mwembamba mbele ya watu wote. "Mla sahani mbili ndiye huyu?"

Kicheko kikapungua. Mtu mmoja nyuma alicheka peke yake, akanyamaza kwa aibu.

"Ile ni ya Mwinshehe," akasema yule mama. Hakupandisha sauti. "Mwanangu wa pekee. Alikwenda Tanga kutafuta kazi ya mkonge, akaniambia, mama, nitarudi, usinifungie mlango. Sijapata habari yake mpaka leo. Nyayo zikipita nauliza ni nani, kwa sababu huenda ni yeye. Nikiona si yeye narudi ndani, maana nitaongea nini? Sasa watoto wa mtaa wamejifunza maneno yangu kwako, na mimi nafunga mlango nisiwasikie. Nyayo zinapita, siulizi." Akamtazama Nyamizi usoni. "Na kama alipita? Nijibu, mtani. Kama alipita akakuta nimefunga?"

Kikapu kilikuwa kinamlemea Nyamizi na hakuthubutu kukitua. Machozi yakamtoka, na mikono yote miwili ilikuwa juu imeshika mzigo, hakuweza hata kuyafuta.

"Nisamehe, mama," akasema.

"Watani hawaombani radhi. Wala sikukatazi kuniigiza. Nicheze mpaka uchoke. Ila ukivaa kanga ya mtu, vaa na jasho lake."

Akamtua kikapu, akajitwika, akashuka. Kanga yake aliiacha pale pale begani mwa Nyamizi. Bwana wa redio aliaga mapema, akasema atakuja siku nyingine watu wakiwa na furaha. Mwalimu Lukwele alikasirika sana, na Nyamizi akarudi nyumbani kwa miguu bila kumsalimia mtu. Alihisi vibaya, tena sana. Alijua kwamba kazi aliyoitamani imemponyoka, na kilichomuuma zaidi ni kwamba yule mama hakumtukana.

Asubuhi alikwenda kubisha kwa Bi Sikudhani. Hakufunguliwa. Akamngoja nje, na mama alipotoka kwenda mlimani akamfuata nyuma kimya. Wakapanda, wakashuka na ndizi, na njia nzima mama hakumsemesha. Kesho yake akamfuata tena. Siku ya tatu mama akasema, "Mpagazi, shika kikapu vizuri, unaniharibia ndizi," na Nyamizi akafurahi kama kapewa ng'ombe. Huko njiani ndiko alikojifunza yule mtu ni nani hasa: namna anavyosimama kila kona kutazama barabara ya Dar es Salaam kule chini, anakopitia atokaye Tanga, na namna anavyokisia mwendo wa mtu kabla hajamwona. Hata wakirudi nyumbani, kuku wakiparura uani kama nyayo za mtu, huwagombeza: "Nyie nao, mnanidanganya kila siku!"

Aliporudi jukwaani, jina la Mama Mbea alikuwa amelifuta. Alitoka na ile kanga na kikapu kilichojaa kweli. Watu walicheka, msidhani hawakucheka! Ule ugomvi na kuku uliwaua. Lakini alipochungulia na kuuliza, "Nani huyo?" alitazama mbali, akangoja, na ukumbi ukangoja naye. Mchoma mkaa mmoja, jitu zima, akajikuta kasimama.

"Ni mimi, mama," akasema. "Ni Kibwana."

"Ah," akajibu Nyamizi, sauti ile ile ya Bi Sikudhani. "Si yeye. Ingia ule basi, mwanangu." Akamfunulia kawa.

Watoto wa mtaa walikuwa wamejazana mbele, wameona yote. Redio ilikuja kumchukua Nyamizi baadaye, akawacheza huko karani na bwana afya, nchi nzima ikamjua. Lakini Nyamizi hakumpeleka Bi Sikudhani wake redioni hata walipombembeleza. Alisema kule mama akiuliza ni nani, hakuna wa kumjibu.

Na yule mama? Mwinshehe hakurudi, siwadanganyi. Ila siku chache baada ya mchezo ule, jioni, Bi Sikudhani akiwa amejifungia, alisikia nyayo nyingi zikija mbio na zikasimama mlangoni pake. Akangoja matusi. Badala yake akasikia mtoto akisema, "Bibi, mbona hutuulizi?"

Kisha komeo likalia, mlango ukafunguka, na shingo ikatoka.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Selemani wa fundi baiskeli!" "Ni mimi, Mwajuma!" "Ni mimi, bibi, na mdogo wangu!"

Akawatazama mmoja mmoja, akatazama na barabara nyuma yao, mpaka mwisho.

"Si yeye," akasema. "Ingieni, chakula kipo."

Ndiyo maana tunasema: ukivaa kanga ya mtu, vaa na jasho lake.