Fisi Dalali na Bomba la Bondeni

Nikisema "Midomo?" nyinyi semeni "Tumeishona."
Midomo?
Tumeishona.
Kwa uzi gani?
Wa katani.

Haya, apeni kwamba neno hili hamtamwambia mtu. Mama Nungunungu naye aliniapisha hivyo hivyo, leo asubuhi tu. Basi sogeeni.

Nguchiro alikuwa anatafuta nyumba ya kununua. Masika yanakaribia, wanawe wanalala chini ya gogo, na nyayo zimeota sugu kwa kupanda Mwinuko na kushuka Bondeni. Mitaa miwili, katikati kijito tu. Akipanda Mwinuko anaambiwa, "Bondeni? Huko mbu wanabeba watoto." Akishuka Bondeni anaambiwa, "Mwinuko? Huko ukiazima chumvi wanakuuliza kwenu wapi." Panda, shuka. Panda, shuka. Amechoka mpaka kope.

Dalali wa Bondeni alikuwa Fisi. Kila nyumba akiiuza, ada yake paja la mbuzi.

"Dada, unajisumbulia nini?" akasema Fisi. "Mwinuko hakuna maji. Hapa, fungua bomba mwenyewe. Mimi najisaidia mara moja nyuma ya ukuta."

Nguchiro akafungua. Chururuuu. Maji hayo.

Akafunga, akafungua tena. Kimya. Halafu ndani ya bomba, hehh, hehh, kama mtu anahema. Kisha chururuuu.

Mara akapita jirani, Mama Nungunungu, mtungi kichwani, anatoka kijitoni.

"Shoga, maji ya bomba huyapendi?" Nguchiro akamwuliza.

"Bomba lipi? Tangu nihamie hapa linatoa mijusi."

Fisi akarudi, amelowa mpaka masikio.

"Kaka Fisi, umenimaliza," Nguchiro akamwambia. "Kesho naja na pipa. Likijaa, nachukua nyumba mbili, yangu na ya mama."

Mapaja mawili. Fisi akameza mate, gudu.

Kesho yake Fisi akawahi kujisaidia. Nguchiro akaja na pipa, na jingine la mama yake, na nyuma yake Bondeni nzima, na ndoo, na masufuria, na beseni la kuogeshea watoto.

Chururuuu. "Bado." Chururuuu. "Bado." Nyuma ya ukuta, puta puta puta kwenda kijitoni, hehh hehh kurudi. Ndoo moja ikijaa, inasogezwa nyingine.

Mama Nungunungu akachoka na foleni. "Maji gani haya ya kuvuta pumzi? Hebu tuyafuate yanakotoka."

Wakazunguka ukuta, wote. Fisi huyo, juu ya kigoda, ndoo begani, anamimina kwenye mdomo wa bomba, amefumba macho. "Paja la kwanza... paja la pili..."

"Kaka Fisi," Nguchiro akamwita taratibu, "usiache. Pipa la mama bado halijajaa."

Funzo lake? Ukitafuta nyumba, mwamini dalali. Nani mwingine atakubebea maji kutoka kijitoni? Nguchiro hakumwamini, ndiyo maana leo anakaa Mwinuko, pakavu, na chumvi anaifuata Bondeni.

Ngano yangu imekauka kama bomba lile. Fumueni uzi mkaseme, ila mimi msinitaje.