Hendeli ya Ngurumo

Paukwa!

Aa-a, sikusikia. Mmekula wali wote ule halafu sauti hamna? Paukwa!

Pakawa! Haya, sasa naona mna mapafu. Pakawa nini? Pakawa mlima wenye mawingu, pakawa gari la kijani, pakawa mjane na hendeli yake. Sogeeni. Wewe Tumsifu, mwachie mwenzio mkeka. Na atakayesinzia asinisumbue kesho kuuliza mwisho ulikuwaje, sitamwambia.

Hapo kale, kale kweli, magari yalipokuwa machache kuliko machifu, gari likipita kuku walizimia na wazee walivua kofia. Katika kijiji cha Makanyeni, huko juu milimani Upareni, palikuwa na gari moja tu. Lilikuwa la kijani, na jina lake Ngurumo. Bibi harusi alipandishwa Ngurumo. Mgonjwa alishushwa hospitali na Ngurumo. Kahawa ilikwenda tambarare juu ya mgongo wa Ngurumo. Mwenye gari alikuwa Elieza, mtu mpole, na mkewe aliitwa Nakiete.

Elieza akapatwa na homa, akafariki. Akamwachia Nakiete watoto watatu na Ngurumo. Basi. Shamba lilikuwa dogo kama upande wa kanga.

Sasa mnisikilize vizuri hapa, maana ninyi mmezoea ufunguo. Magari ya siku zile hayakuwashwa kwa vidole viwili. Yalikuwa na hendeli, chuma kilichopinda mara mbili. Unakichomeka puani mwa gari, unazungusha kwa nguvu zako zote, gari linakohoa, linakohoa tena, ndipo linaamka. Bila hendeli gari ni banda la kuku.

Arobaini ilipopita, akaja shemeji yake Nakiete, Mbazi, mdogo wa marehemu. Akaketi, akanywa uji, akafuta midomo.

"Shemeji," akasema, "mwanamke peke yake hawezi kulisha vinywa vitatu. Kahawa ikishavunwa, kama bado huna njia, watoto tutawagawana. Mmoja atakuja kwangu, mmoja kwa dada, na huyu mdogo atakwenda kwa mjomba tambarare."

Kugawana! Watoto wa mtu, kama maboga! Nakiete akainuka. Aliingia ndani, akawatazama wanawe wamelala kitanda kimoja, miguu ya huyu kwenye mbavu za yule, akalia. Kisha akafuta machozi na akaanza kufikiri. Wanawake wa Makanyeni walikuwa wakibeba mahindi hadi tambarare kwenda kusagisha, kwa kuwa mlimani hapakuwa na mashine. Akiuza Ngurumo, akanunua mashine ya kusaga, nani angethubutu kusema hana njia?

Basi akatangaza sokoni: Ngurumo linauzwa. Na jinsi habari za mlimani zinavyokwenda, zikashuka hadi mjini kabla yeye mwenyewe hajafika nyumbani.

Siku ya Jumamosi, jua likiwa utosini, akapanda mgeni. Loo, mgeni! Suti nyeupe, viatu vya kung'aa, jino la dhahabu. Akicheka, jino linacheka. Alijiita Bwana Tindwa. Akalizunguka Ngurumo mara moja tu, hakuinama hata kutazama chini.

"Bei gani, mama?"

Nakiete akataja bei. Kama desturi, aliipandisha juu kidogo, apate nafasi ya kushuka.

"Sawa," akasema Bwana Tindwa.

Mmesikia? Sawa! Hakusema "punguza, mama." Hakusema "hili tairi limekwisha." Hakuondoka akijifanya amekasirika ili aitwe arudi. Wajukuu zangu, katika soko la Makanyeni hata fungu la bamia lilipatanwa bei mpaka watu wakakauka koo. Nakiete akajiuliza moyoni, mtu asiyejali atatoa kiasi gani, je, ana nia ya kutoa?

Bwana Tindwa akatoa karatasi mfukoni, akaandika kwa mbwembwe, akaupuliza wino.

"Hii ni hundi, mama. Ukiipeleka benki wanakupa fedha zako. Na nimeandika zaidi ya bei, maana sikutaka kukuhesabia kidogokidogo. Wewe nirudishie chenji tu, ninunue petroli niondoke."

"Benki imefungwa leo," akasema Nakiete. "Ni Jumamosi."

"Ndiyo maana nimeandika hundi! Jumatatu utakwenda kwa nafasi yako. Mimi nina haraka, nina mzigo unanisubiri."

Watu walikuwa wamekwisha kujaa. Wakaipitisha ile hundi mkono kwa mkono. Ina muhuri! Ina picha ya simba! Wakampongeza Nakiete, wakaanza hata kumwagiza vitu.

Lakini Nakiete alikuwa binti wa mfugaji. Na kwa wafugaji, tangu enzi za mababu, ng'ombe akiuzwa, kamba haiuzwi. Mnunuzi huja na kamba yake. Muuzaji hushikilia yake mpaka mali yote iwe mkononi, ndipo humvua ng'ombe shingoni na kurudi nayo nyumbani. Baba yake alikuwa akisema: ng'ombe huenda, kamba hubaki. Semeni!

Ng'ombe huenda, kamba hubaki!

Basi Nakiete akafungua mlango wa Ngurumo, akaingiza mkono chini ya kiti, akaitoa hendeli. Akaifunga ndani ya kanga, akaibeba mgongoni kama mtoto mchanga.

"Bwana," akasema, "hundi yako nimeipokea. Jumatatu tushuke benki wote wawili. Karani akisema fedha zipo, zikaingia kwenye kitabu changu cha benki, nitakupa hendeli pale pale mbele yake. Na chenji yako, kama ipo, nitakupa pale pale."

Jino la dhahabu likaacha kucheka. "Mama, huniamini?"

"Nakuamini, baba. Ni karatasi yako ndiyo sijaizoea."

Watu wakaguna. Mbazi akamvuta shemeji yake pembeni. "Unatutia aibu! Gari si ng'ombe! Mtu mzima kavaa suti, wewe unamfanya mwizi? Akiondoka huyu, mnunuzi mwingine umtoe wapi? Na watoto je?"

Hapo ndipo alipomgusa. Na watoto je? Usifikiri Nakiete alikuwa jiwe. Aliona mahindi yanakomaa, kahawa inaiva, na mwanawe mdogo anashuka tambarare na kifurushi chake. Mkono wake ukaanza kufungua fundo la kanga, ukafungua, ukafungua... kisha akakumbuka lile "sawa". Akalikaza fundo upya.

"Jumatatu," akasema, akaenda zake.

Mbazi sasa, huyo mwerevu wetu! Akamkimbilia mgeni. Mgeni akamnong'oneza: "Bwana mkubwa, wewe unaonekana mtu wa maendeleo. Nipe wewe hiyo chenji leo, Jumatatu uichukue kwa shemeji yako na ya juu yake." Na Mbazi, kwa kupenda ya juu yake, akauza mbuzi wake wawili jioni ile ile, akampa. Msicheke mapema. Wapo wengi wa namna hiyo, na wengine ni ndugu zenu.

Jumapili asubuhi kijiji kizima kilikuwa kanisani. Ngurumo lilikuwa limeegeshwa bondeni, nyuma ya ghala la kahawa, mahali Elieza alipoliweka siku zote, maana kutoka pale ni kupanda tu, haliwezi kuteremka lenyewe. Lakini ukishapanda, ukafika barabarani, kuanzia hapo ni mteremko hadi tambarare. Na gari likiteremka, wajukuu zangu, huweza kuamka lenyewe bila hendeli. Bwana Tindwa alilijua hilo. Nakiete naye alilijua.

Waumini walipoanza wimbo wa pili, Nakiete akasikia kitu kingine chini ya wimbo. Sukuma! Haya, sukuma! Akachungulia dirishani. Bwana Tindwa yuko ndani ya Ngurumo, ameshika usukani. Nyuma yake wanasukuma vijana wanne wasiopenda ibada, aliowaahidi pombe, na Mbazi akiwa katikati yao, jasho linamtoka. Gari limeshapanda zaidi ya nusu. Sukuma! Likapanda tena. Barabara ile pale!

Nakiete akatoka mbio. Nyuma yake kanisa lote likamwagika nje, mchungaji akiwa na kitabu mkononi. Lakini alipowakaribia, Nakiete akapunguza mwendo. Hakupiga kelele. Akatembea polepole kama mtu anayekwenda kuomba chumvi, akasimama kando ya kijana wa kwanza.

"Aa, mwana wa Nambaza. Siku hizi hata salamu hamna?"

Mnajua adabu ya kule. Kijana hamsalimu mama kwa mdomo mtupu akiwa ameshika kitu. Huacha alichoshika, huinama, na hutoa mikono yote miwili. Yule kijana akatahayari. Akaachia gari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako mguu umepona?"

Gari likatetemeka. Nakiete akamgeukia wa pili. "Na wewe, uliyebebwa na gari hili hili siku uliyoumwa na nyoka?"

Wa pili akaachia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Baba hajambo?"

"Msiachie!" akapaza sauti Bwana Tindwa kutoka ndani. "Sukumeni!"

Lakini nani atakataa kusalimu mbele ya mama, mchungaji, na shangazi zake wote? Wa tatu akaachia. Wa nne akaachia. Shikamoo, mama. Shikamoo, mama. Mbazi akabaki peke yake na gari mgongoni, macho yamemtoka.

"Shemeji," akasema Nakiete kwa upole, "na wewe huna salamu?"

Mbazi akaruka kando.

Ngurumo likarudi kinyumenyume, polepole, halafu si polepole tena, Bwana Tindwa akizungusha usukani na kumwita mama yake, mpaka likatua puu! katika lundo la maganda ya kahawa yaliyooza tangu msimu uliopita. Ile suti nyeupe! Alitoka mle akiwa wa rangi moja tu, na harufu sitaisema kwa kuwa mmetoka kula. Gari halikupata hata mkwaruzo. Watu walicheka mpaka mchungaji akaketi chini.

"Nilikuwa nalijaribu tu," akasema Bwana Tindwa.

"Hapana neno," akajibu Nakiete. "Kesho benki."

Kulipopambazuka mgeni hayupo. Nakiete alishuka tambarare hata hivyo, pamoja na mchungaji, maana alitaka kujua kwa hakika. Karani akaitazama ile hundi, akaigeuza, akacheka kwa huruma. "Mama, hii akaunti haina hata senti ya kununua wino alioiandikia. Je, gari umetoa?"

"Gari lipo," akasema Nakiete, akapigapiga mgongo wake. "Na kamba yake hii hapa."

Karani akaita wenzake waje kumwona. Na kisa kikatoka benki kikaingia sokoni, kikatoka sokoni kikapanda garimoshi. Kila Bwana Tindwa alikokwenda kununua gari la watu, waliuliza: "Umekuja na kamba yako?" Na jino lake la dhahabu, husemwa, aliliuza apate nauli.

Kabla kahawa haijavunwa, akapanda mnunuzi wa pili, Mzee Kihiyo, mwenye duka la tambarare. Huyo alilala chini ya gari. Alipiga tairi teke. Alisema kiti kimechanika, taa moja imekufa, rangi inafanana na kamasi. Aliondoka amekasirika, akaitwa, akarudi. Nakiete alikuwa akitabasamu wakati wote, moyo wake unacheza ngoma. Huyu sasa ana nia ya kulipa!

Wakapatana. Wakashuka benki pamoja. Fedha zikatoka mikononi mwa Mzee Kihiyo, karani akazihesabu na kuzikagua moja moja kwenye mwanga, zikaandikwa kitabuni kwa jina la Nakiete. Ndipo, na si kabla ya hapo, alipofungua fundo la kanga. Akampa Mzee Kihiyo hendeli kwa mikono miwili. Kanga akarudi nayo nyumbani.

Mashine ya kusaga ilipopandishwa Makanyeni, wanawake waliipokea kwa vigelegele tangu kona ya kwanza ya mlima. Mbazi naye alikuwepo, mbuzi hana, amesimama nyuma ya watu. Fundi akaifunga mashine, akaitazama hadhira, akauliza: "Nani mwenyewe?" Akanyoosha mkono, na mkononi mwake mlikuwa na chuma kilichopinda mara mbili. Maana mashine ile nayo, wajukuu zangu, iliamshwa kwa hendeli.

Nakiete akaishika. Watoto wake watatu wakasimama karibu naye, wote watatu, hakuna aliyegawanywa. Akazungusha. Mashine ikakohoa. Akazungusha tena, ikanguruma mlima mzima, unga mweupe ukaanza kumwagika. Akamwita Mbazi mbele ya wote.

"Shemeji, lete debe lako. Wewe tutakusagia wa kwanza. Lakini utalipa kwanza."

Sasa ninyi mtakua, mtauza magari yenu, na hendeli hakuna. Mtu atawaonyesha simu yake: "Nimeshatuma, ona." Simu yake haikuhusu. Fungua yako, uliza benki yako, ukikuta bado, basi bado. Akikulipa zaidi ya ulichoomba, jiulize. Akiwa na haraka, wewe usiwe nayo. Na mwenye fedha za kweli hakasiriki ukizikagua.

Mimi nimemaliza, koo limekauka. Hadithi imekwenda zake mlimani ilikotoka, sina tena. Kamba nimewaachia ninyi. Ishikeni, na mkalale.