Kwa Nini Tukiulizwa "Mambo?" Tunajibu "Poa"

Kaa hapo, simu tia mfukoni, nisikilize. Na usinikatize.

Zamani hizo "poa" lilikuwa tusi. Ugali ukipoa anapewa mbwa. Mvivu anaitwa poa. Bwana harusi akiitwa poa, harusi imekufa. Ukiulizwa "Mambo?" unajibu "Moto!" kwa kelele, hata kama unaumwa.

Kijiji cha Igoko wote walikuwa wafinyanzi. Mila yao ilikuwa hivi: chungu kinachomolewa motoni kingali chekundu, kinamwagiwa maji palepale, kinalia shwaaa, watu wanashangilia. Halafu kinapasuka. Wanaziba nyufa kwa nta, wanaenda nacho mtoni, mwendo wa nusu siku, wakirudi maji nusu yamebaki njiani. Kila siku hivyo. Hakuna aliyejiuliza.

Binti mmoja, Nyamizi, akajiuliza. Siku ya kuchoma akakifukia chungu chake kwenye majivu, akakaa pembeni.

"We Nyamizi, kimeiva hicho, chomoa!" akafoka shangazi yake Kabula, mkuu wa wafinyanzi.

"Bado, shangazi. Nakiacha kipoe."

Watu walicheka mpaka machozi. "Kipoe? Jamani, poa mwenyewe huyu hapa!"

Mtemi, mtawala wa kijiji, hakucheka. Akasema mila haichezewi: chungu kikipasuka, Nyamizi anahama kijiji siku hiyohiyo, na udongo hagusi tena.

Siku ya kwanza wakamrushia maganda ya karanga. Siku ya pili mama yake akaanza kumfungia mzigo, kimyakimya. Nyamizi hakugusa majivu.

Asubuhi ya tatu akafukua. Akakigonga kwa kidole, kikalia ngiii. Akashika njia ya mtoni, kijiji kizima nyuma yake, watoto wanaimba, "Poa huyo! Poa huyo!" Akakijaza, akajitwisha, akageuza. Jua kali. Watu wote macho kwenye mgongo wake, wanangoja tone.

Mgongo mkavu. Mpaka nyumbani, mkavu!

Akakitua mbele ya Mtemi. Maji yamejaa mpaka mdomoni. Mtemi akachota kwa kata, akanywa, akampa Kabula. Shangazi akanywa yote, akafuta mdomo, akauliza kwa sauti ndogo:

"Mambo, mwanangu?"

"Poa," akajibu Nyamizi. Hata hakupiga kelele.

Weee! Vigelegele vile hujawahi kusikia. Wanaume wazima wanarukaruka, bibi mmoja anapiga ngoma kwa mwiko, Mtemi mwenyewe anapaza sauti, "Poa! Poa!" Jioni ile kila mfinyanzi alikuwa anatafuta majivu.

Ndiyo maana mpaka leo kitu kizuri ni poa: viatu poa, pilau poa, mchumba poa. Na mtu ukimuuliza mambo akakujibu poa, anakwambia nimepita motoni na sivuji.

Sasa wewe: siku ya pili hiyo, mtaa mzima unakucheka, mama anakufungia mzigo, ungesubiri au ungechomoa?