Bi Pimbi na Jiko Lisilotaka Kuni

Nina ngano mkononi!
Ifungue tuione.
Na ikiwa ina meno?
Ikiuma tutaipuliza.
Basi kaeni, nimeifungua.

Mwezi wa Agosti, mwaka wa tatu wa ukame, Kiboko alitangaza kwamba msitu wa mtoni ni wake. Atakayetaka kuni alete nusu ya chungu chake kikiiva. Wanyama walinung'unika, wakaleta. Ungefanyaje? Kiboko akikukanyaga huulizwi tena maswali.

Bi Pimbi alikuwa na watoto watano na chungu kimoja cha kunde. Nusu ilikwenda mtoni. Nusu iliyobaki haikutosha watoto watatu, sembuse watano.

Pimbi ni watu wa juani. Kukipambazuka wanapanda mwambani, wanalala kifudifudi, wanaota jua. Wengine wanawaita wavivu. Asubuhi moja Bi Pimbi, akiwa amelala hivyo, aliungua tumbo. Chini yake palikuwa na kishimo, na ndani ya kishimo kulikuwa na ulanga, lile jiwe jembamba linalong'aa kama kioo. Mwingine angehama. Yeye alitia kidole, akakitoa, akakipuliza, akafikiri.

Siku hiyo alichimba kishimo kikubwa katika kipande cha mti, akakipaka utomvu, akakibandika ulanga pande zote. Akaweka chungu katikati. Akakaa. Jua likisogea, analisogeza jiko. Jua likisogea, analisogeza jiko. Saa sita chungu kikasema tok, tok, tok. Watoto watano wakashiba.

Siku ya tisa Kiboko alifika chini ya mwamba, jua likiwa linazama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Huji kuchukua kuni. Siku hizi mnakula mbichi?"

"Tunapika."

"Moshi uko wapi?"

"Hauna kazi hapa, Mzee. Tumeuaga."

Kiboko aliliona jiko. Macho yakamtoka.

"Hilo nalichukua."

Bi Pimbi aliwatazama watoto wake. Akikataa, jiko litakanyagwa, na wao pamoja nalo. Kobe na Korongo walikuwa wamesimama hapo, wakijifanya wanapita.

"Lichukue, Mzee. Ila ulikalie tangu asubuhi, uligeuze jua linapogeuka."

"Usinifundishe kupika."

"Sikufundishi. Nina hofu moja tu. Watakuona na jiko lisilotaka kuni, na bado umekumbatia msitu wa kuni. Watasema jiko ni pambo, mwenyewe bado ni mtu wa moshi kama sisi."

"Nani atasema?"

"Mimi sisemi," alisema Korongo, akitazama juu.

"Mimi nimeshaanza kufikiri," alisema Kobe.

Kiboko alivimba. Kuwa kama wao? "Msitu chukueni. Chukueni wote, na mizizi yake. Mimi si mtu wa moshi."

Akalibeba jiko, puu, puu, puu, mpaka mtoni.

Kesho yake alishinda majini kama kawaida yake. Jua lilipozama akatoka, akaweka kunde jikoni, akangoja. Chungu kimya. Akangoja. Chungu kimya. Akalala na njaa.

Alfajiri akamwita Bi Pimbi.

"Jiko lako limekufa."

"Umepika saa ngapi, Mzee?"

"Nilipotoka majini."

"Umeweka chungu baada ya moto kwenda kulala."

Siku hiyo Kiboko alikaa juani. Saa mbili akavumilia. Saa tatu ngozi ikaanza kupasuka, pa, pa, pa. Saa nne, chubwi, akarudi mtoni. Jua likasogea, na jiko halikuwa na wa kulisogeza. Kunde zikatoka ngumu kama kokoto. Akazitafuna hivyo hivyo, wanyama wakimsikia.

"Nirudishieni msitu," alisema.

Kobe alikohoa. "Mzee, kuni ni za watu wa moshi."

Wanyama wote walikuwa wamesimama hapo, wakingoja Kiboko aseme yeye ni nani. Akageuka. Chubwi.

Bi Pimbi alikuwa ameshatengeneza jiko la pili siku ileile alipoporwa la kwanza. Ulanga ulikuwa tele mwambani, na mikono ilikuwa yake. Mjusi alikuja kujifunza, maana naye hushinda juani. Komba, anayelala mchana kutwa, alikataa katakata. Bi Pimbi hakumcheka. Alimwambia, "Wewe okota matawi yaliyoanguka, mti uache usimame." Watoto walipomuuliza kwa nini hakumlazimisha, alisema, "Jiko humfuata mtu anapoishi. Sisi tulikuwa tumeshaketi juani kabla jiko halijazaliwa."

Alisema hivyo akiwa amekaa wima, kifua mbele, kama mwenye jua.

Funzo la ngano hii ni wazi: mtoto, usiote jua asubuhi, utakuwa mvivu. Na mkubwa akikuomba kitu chako, mpe haraka bila kusema neno.

Ngano yangu nimeifunga, kamba mshike nyinyi. Msitu wa mtoni umesimama. Kiboko hutoka majini jua likizama, anakula majani mabichi. Leo saa moja na robo asubuhi, pimbi sita walikuwa juu ya mwamba, juani.