Filta Ndefu ya Lutengano

Kra-ka-ka-ka-ka! Kila alfajiri sauti hiyo ilitangulia kufika, kama mtu anayetikisa mahindi makavu ndani ya debe. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya viazi na hakuna aliyeona gari, lakini Ikungwe nzima ilijua: Lutengano amewasha landrova lake.

Leo mmemsikia fundi cherehani akimwambia bwana harusi aliyekuwa akijitazama kwenye kioo, "Kilichoenea uwanjani hakijaenea korongoni." Mkacheka, kwa kuwa kanisani hakuna korongo, kisha mkaniuliza methali hiyo imetoka wapi. Ilianza na kelele ile ya alfajiri. Nami naijua kwa sababu ilitamkwa mara ya kwanza jikoni kwa mama yangu.

Gari la Lutengano lilikuwa kuukuu. Lilianza kwa wamisionari, likaenda kwa mfanyabiashara wa mbao, na lilipomfikia yeye rangi yake ilikuwa haijulikani tena. Kutu haikumsumbua. Kelele ndiyo iliyomnyima raha, maana alijua chanzo chake. Filta ya oili aliyokuwa ameifunga haikuwa na ule mpira wa ndani unaozuia oili isirudi. Gari likilala, oili yote ilishuka chini. Likiwashwa, injini ilizunguka kavu hadi oili ipande tena. Injini inayozunguka kavu kila siku haina maisha marefu.

Huenda angeendelea kuivumilia hivyo hivyo, lakini siku moja mama yangu, Tupokigwe, alituma salamu kutoka kwetu Usililo, ng'ambo ya korongo la Lwivala. Zilikwenda kwa dada yake Tusekile, mama yake Lutengano. Alisema: "Mwambieni dada macho yangu yanafunga. Aje nimwone angali anaonekana."

Mama mkubwa Tusekile magoti yalikuwa yamemwisha, na katika maisha yake yote hakuwa amepanda gari. Aliwaza siku nzima, kisha akamwambia mwanawe, "Nitapanda. Lakini likizima njiani, nashuka, na usiniite tena kwenye bati lako hilo."

Ndipo Lutengano akaenda mjini kununua filta. Mwenye duka la spea alimwekea tatu juu ya meza. Moja ilikuwa fupi, ya bei rahisi, isiyo na mpira, sawa na ile ya zamani. Ya pili ilikuwa fupi pia, lakini yenye mpira. Ya tatu ilikuwa na mpira nayo, ila ilikuwa ndefu na nene, na rangi yake iling'aa.

"Ipi inaingia?" Lutengano aliuliza.

"Zote zina uzi mmoja wa kukazia. Zote zinaingia."

Lutengano aliipima ile ndefu mkononi. "Nipe hii. Kubwa inabeba oili nyingi, tena inachuja zaidi."

"Chini ya gari kuna nafasi?"

"Kaka, gari ni langu. Nalijua kuliko ninavyomjua mke wangu."

Hata hivyo hakuwa mzembe. Alipoifunga, alilala chini ya gari pale uwanjani kwake, akapitisha mkono kati ya filta na ekseli ya mbele. Vidole vinne vilipita. Kesho yake injini iliwaka kimya, hata jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Lutengano alitembea kijiji kizima akisema injini yake sasa inaamka kama mtoto aliyeshiba.

Siku ya safari alivaa shati jeupe. Mama yake alikaa mbele, kaniki ameibana magotini. Nyuma kulikuwa na magunia ya viazi na majirani waliodandia. Gari lilishuka Lwivala vizuri. Kule chini, gurudumu la mbele lilipanda jiwe. Springi zikabonyea kwa uzito wote ule, ekseli ikapanda juu, na pakasikika kitu kidogo tu: tok.

Taa nyekundu ya oili ikawaka. Lutengano akazima injini papo hapo, na hilo ndilo lililoiokoa. Akaingia uvunguni. Filta ilikuwa imepondwa ubavuni, na oili ilikuwa ikichuruzika juu ya mawe.

"Limezima?" mama yake aliuliza.

"Nimelizima mimi, mama. Kuna tofauti."

"Mimi niliyekaa ndani siioni."

Akafungua mlango, akashuka. Jirani mmoja akamwambia, "Bibi, afadhali urudi nyumbani."

"Kurudi kuna mlima na kwenda kuna mlima," akajibu. "Na ng'ambo kuna macho yanayoningoja." Kisha akamgeukia mwanawe. "Gari limeshindwa. Sasa tumwone dereva."

Lutengano alichuchumaa, mama yake akapanda mgongoni. Shati lile halikuwa jeupe tena. Nusu ya mlima alikuwa akihema kwa nguvu, na mama yake akamgonga begani: "Mbona na wewe una kelele asubuhi? Kanunue filta."

Mimi nilikuwa mlangoni kwetu. Nilisikia kuhema kule kabla sijamwona mtu. Mama alimvuta dada yake hadi dirishani, akauleta uso wake karibu kabisa na wake, akautazama kwa muda mrefu.

"Umezeeka vibaya," alisema.

"Na wewe usingoje tena mpaka giza liingie ndipo uniite."

Tulipoketi jikoni, wale dada wawili pale dirishani, Lutengano alikuwa bado anabishana na mtu asiyekuwepo. "Lakini ilienea! Niliipima uwanjani. Vidole vinne vilipita!"

Mama yake alipuliza chai yake. "Uliipima gari likiwa tupu, kwenye tambarare. Kilichoenea uwanjani hakijaenea korongoni."

Waliokuwepo waliondoka nayo midomoni, ikafika hadi kwa mafundi cherehani. Ndiyo maana leo bwana harusi aliambiwa aache kioo, achuchumae, acheze kidogo, ndipo aseme koti limemwenea.

Siku ile jikoni, Lutengano aliweka kikombe chini. "Mama, nitafunga ile fupi yenye mpira. Nitapakia mawe yenye uzito wako, nipite Lwivala kwenda na kurudi. Likipita salama ndipo nije nikuchukue."

"Ongeza mawe," mama yangu alisema kutoka dirishani, mkono wake ungali shavuni kwa dada yake. "Nimemwona. Amenenepa."

"Nitaongeza, mama mdogo," alisema Lutengano. "Naahidi."