Siku Kitoweo cha Wakwe Kiliponuka

Kulikuwa na zama ambapo watu wa Mkunguni walikuwa na pua, ila mbele ya wakwe hawakuruhusiwa kuzitumia. Neno kunuka lilikuwa na kazi moja tu. Panya akifia darini alinuka, na mtaro ulinuka. Lakini kitoweo cha wakwe, kiwe kimeharibika vipi, kilinukia, na aliyesema vingine alikuwa amevunja ndoa.

Desturi ilikuwa hivi. Upande wa bwana harusi ulipika kwao, ukafunga mdomo wa chungu kwa kitambaa, na marufuku kukifungua njiani. Kikifika, mzee kuliko wote upande wa bibi harusi hukifungua na kula tonge la kwanza, na watu wote husema, "Kinanukia!" Aliyetunga ujinga huu hajulikani, na nani angekubali kuwa ni yeye?

Harusi ya Riziki, binti wa Mashavu, iliangukia msimu wa mvua. Mto ulifurika, wakwe wakalala ng'ambo wakisubiri maji yapungue, na chungu chao cha papa kimefungwa, jua linakipiga. Hakuna aliyethubutu kuchungulia. Walipofika na vigelegele vyao, harufu ilikuwa imewatangulia.

Kitambaa kikafunguliwa. Mashangazi walibana pumzi, machozi yakiwalenga. "Kinanukia!" wakasema kwa pamoja. Bi Tunu, mama wa bwana harusi, alitabasamu huku jasho likimtoka. Mashavu alimtazama dada yake, naye akatazama dari. Watu wazima wote hawa!

Mzee wa kula kwanza alikuwa Kitwana, baba yake Mashavu. Ugoro ulikuwa umeshamwua pua. Asingetofautisha asmini na jaa. Alikunja mikono ya kanzu, akafinyanga tonge la wali, akalichovya vizuri.

Mashavu aliona kuwa akinyamaza huenda akamzika baba, na akisema, Riziki atabaki chumbani na hina yake. Alingoja mwingine aseme. Wapi! Wote walikuwa wanamtazama mzee wa watu akipeleka mkono kinywani, tena wanamsifia. Hapo akachoka nao.

"Baba, weka chini!" alifoka, akaupiga ule mkono, tonge likaanguka. "Kimenuka! Kimenuka, na nyote mnajua kimenuka!"

Nyumba ikalipuka. Wakwe walisema wametukanwa, mashangazi wakamwambia Mashavu hana haya, vijana wakashikana mashati. Majirani waliouliza kuna nini walijibiwa neno lile lile, na mtaa mzima ukalibeba.

Aliyezima ugomvi ni paka. Alilinusa tonge, akarudi nyuma, akaanza kukwangua sakafu alifukie kama choo chake. Bi Tunu aliliona hilo, akakaa chini.

"Mimi nilijua tangu mtoni," alisema.

"Sasa mwenzangu, si ungesema?" Mashavu akauliza.

"Ningesemaje, nanyi ni wakwe?"

Ndoa ikafungwa kwa wali mkavu.

Na tangu siku hiyo chungu cha wakwe hunuswa kabla hakijaondoka nyumbani. Na watu wakianza kugombana, hata kama hakuna chungu karibu, utasikia, "Kimenuka!" Ni Mzee Kitwana peke yake ambaye hakuridhika. Mpaka anaingia kaburini, kwa uzee na si kwa papa, kila mgeni alimlalamikia: "Mwanangu alininyima kitoweo, na watu wote walisema kinanukia."